Mlango wa Shela wakati wa kusi: boti ndogo, mashine ndogo, au saa mbaya?

*Swali: "Asalamu aleikum. Naishi Langoni, Lamu. Kazi yangu ni ya ofisini na Jumamosi ndiyo siku yangu ya kuvua. Mwaka huu nimenunua boti ya faiba ya futi 19 na mashine ya farasi 40. Mwezi wa Juni, siku ya tatu baada ya mwezi mpevu, tulitoka alfajiri: mimi, mashemeji zangu wawili na mwanangu wa miaka 11. Kutoka kulikuwa shwari kabisa. Kurudi, kama saa tano asubuhi, pale kati ya Shela na Ras Kitau tukakuta mawimbi yamesimama. Nikapunguza mafuta twende polepole, wimbi likaja kwa nyuma likamwagika ndani, mashine ikakohoa, tukawa tunafua maji kwa ndoo hadi Shela. Jaketi nne za kuokoa maisha tunazo, lakini zilikuwa zimefungwa huko omo, mbele ya boti. Rafiki yangu mmoja asema nitie mashine ya 60. Mwengine asema futi 19 si boti ya kutoka nje. Mzee jirani alinisikiliza, akasema tu 'maji yalikuwa yatoka,' akaenda zake. Nani ana haki? Na mtoto niendelee kwenda naye?"*

Waaleikumu salamu, na poleni kwa yaliyowapata. Mwenye haki ni mzee. Maneno yake matatu yana jibu karibu lote, ila wazee wa bahari wana tabia ya kudhani kila mtu amezaliwa na hesabu ya maji kichwani, kwa hiyo nitayakunjua taratibu. Boti yako si ndogo mno, na mashine yako inatosha. Kilichowaponza ni saa mliyofika mlangoni, yaani pale maji ya ndani yanapotokea baharini kati ya Shela na Ras Kitau, kisha mkono wako uliopunguza mafuta pahala pasipofaa kupunguza.

Tuanze na hiyo saa. Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kila kujaa au kupwa huchukua saa sita na dakika kumi na kitu, na kila siku hesabu husogea mbele kwa kama dakika 50. Pwani yetu, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri, hupwa kwenye saa nne asubuhi, hujaa tena saa kumi alasiri. Ongeza siku tatu za dakika 50. Siku yenu maji yalikuwa yamejaa kwenye saa kumi na mbili u nusu asubuhi, na mwisho wa kupwa ulikuwa karibu na saa saba mchana. Mlipotoka mlipita juu ya maji tele yaliyotulia, tena upepo wa alfajiri ulikuwa bado haujaamka. Mlango ule ule, saa tano, ulikuwa mlango mwingine.

Maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Chukua bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, ambayo tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3. Saa ya kwanza ya kupwa hutoka robo mita tu. Saa ya pili nusu mita. Saa ya tatu na ya nne hutoka robo tatu ya mita kila moja, na hapo ndipo mkondo hukimbia zaidi. Saa ya tano nusu, ya sita robo. Nyinyi mlifika saa ya nne ikiisha na ya tano ikianza, maana yake mita 2 na robo za kina zilikuwa zimeshaondoka na maji yaliyobaki yalikuwa bado yanakimbia kutoka. Kina kidogo na mkondo mkali kwa wakati mmoja. Huwezi kuchagua saa mbaya kuliko hiyo hata ukitaka.

Sasa tazama kinacholipata wimbi. Huko kilindini, wimbi la kusi, upepo wa kusini, linalopita kila sekunde 8 lina urefu wa kama mita 100 kutoka mgongo hadi mgongo. Boti hupanda na kushuka juu yake kama mtu kwenye pembea, haina habari. Likifika penye kina cha mita 3 tumbo lake hukwaruza mchanga na mwendo wake hupungua, lakini yaliyo nyuma bado yanalifuata kila sekunde 8. Kwa hiyo hubanana: zile mita 100 huwa mita 40 na kitu. Juu ya hapo ongeza mkondo unaotoka kwa mita 1 kila sekunde, uso kwa uso na wimbi. Hubanwa tena hadi kama mita 35. Maji hayana pa kwenda ila juu. Wimbi lililokuwa kilima huwa ukuta, na ukuta ukizidi kusimama huanguka. Kwa jumla, wimbi la mita moja u nusu huvunjika likifika penye maji ya kama mita 2. Ndiyo maana mafungu ya mchanga ya mlangoni, yasiyokuwa na neno maji yakijaa, hutoa povu maji yakipwa. Na mchanga huo hauna ahadi: huhama, basi njia uliyopita salama mwezi wa Februari si hati ya kupitia Juni.

Maji yakiwa yanaingia, mkondo na wimbi huenda upande mmoja, na wimbi hulala. Upepo ule ule, mlango ule ule. Unaweza kulihakikisha hili kwa miguu yako bila kulipa mafuta hata lita: siku ya bamvua nenda ukakae juu ya vilima vya mchanga vya Shela, dakika 20 maji yakitoka na dakika 20 maji yakiingia. Ukiona kwa macho hutanihitaji mimi.

Mashine ya 60, je? Piga hesabu. Mwendo wa wimbi katika maji machache hutegemea kina tu: penye mita 2 huenda kama kilomita 16 kwa saa, penye mita 3 karibu kilomita 20. Ili kuingia salama unahitaji mwendo wa wimbi, si zaidi, pamoja na akiba ya kuongeza kidogo likikukaribia kwa nyuma. Boti ya futi 19 yenye watu wanne na mashine ya farasi 40 iliyo nzima hupita kilomita 30 kwa saa penye maji tuli. Akiba unayo. Mashine ya 60, kwa aina nyingi, itakuongezea kilo 20 au 30 zikining'inia tezi, yaani nyuma ya boti, pale pale maji yalipoingilia. Kabla ya kuuza ng'ombe kwa ajili ya mashine, tazama kibao cha mtengenezaji ndani ya boti yako kinaruhusu farasi wangapi na watu wangapi. Kama kibao hakipo, fundi wa faiba ndiye wa kuulizwa, si muuza mashine.

Na huyo wa "futi 19 si ya kutoka nje"? Ana nusu ya haki. Siku ya utulivu wa tanga mbili, kati ya kusi na kaskazi, au asubuhi ya kaskazi, upepo wa kaskazini, isiyo kali, futi 19 yenye nahodha anayejua hesabu yake hutoka na kurudi bila hadithi. Kati ya Juni na Agosti, kusi ikiwa katika nguvu zake, jibu langu kwa mtu wa Jumamosi ni kubaki ndani. Hilo si kwa sababu ya urefu wa boti. Katika miezi hiyo dirisha la kurudi ni jembamba, na mtu anayepita mlango mara mbili kwa mwezi bado hajaujua vya kutosha kulipata.

Kosa la mkono sasa. Ukiwa na wimbi nyuma yako, akili ya mtu wa nchi kavu hukwambia punguza mwendo, kama unavyopunguza gari kwenye matuta. Majini ni kinyume. Ukifunga mafuta ghafla, mkia wa maji unaovutwa na boti yako yenyewe hukufikia na kuinua tezi, kisha wimbi halisi hukufikia juu yake. Boti haina mwendo, usukani hauna nguvu, na tezi ya boti ya mashine ya nje imekatwa chini ili mashine ikae. Wimbi halina kazi ya kupanda, linaingia tu. Na maji yakishaingia usiyadharau: sentimita 10 za maji katika sakafu ya mita 4 kwa mita moja u nusu ni lita 600, yaani kilo 600, sawa na kupakia watu wazima wanane kwa ghafla. Tena wanane hao hawakai. Boti ikiinama kidogo wote hukimbilia upande ule ule. Kwamba mliteka maji hadi Shela na boti ikabaki wima ni jambo la kushukuru.

Kosa la upande wa pili ndilo la wale wa "kanyaga tu." Anayelipita wimbi na kuruka mgongo wake hushuka mteremko wa mbele, omo hujichoma katika maji ya wimbi lililo mbele na kusimama, wakati tezi bado inasukumwa. Boti hugeuka ubavu, na wimbi la nyuma huikuta imelala mbele yake. Boti nyingi zinazopinduka milangoni hupinduka hivyo.

Mahali pako ni mgongoni mwa wimbi, nyuma ya kilele chake, ukienda nalo.

Nitakwambia kazi ilivyo. Kabla ya mlango, mita 300 au 400 nje ya povu la mwisho, simama na omo yako ielekee baharini, mashine ikiunguruma. Mishipi yote iwe ndani, maana mshipi ukijizungusha kwenye propela katikati ya mlango, mashine imekufa na nyinyi mko ubavuni mwa wimbi. Sanduku la barafu lifungwe kamba. Paipu ya mafuta iwe kwenye tangi lenye mafuta ya kutosha, na puto lake la kusukumia mafuta libonyezwe hadi liwe gumu. Ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine iwe imefungwa mguuni mwako, si kwenye mpini. Watu wakae chini, katikati na nyuma kidogo ya katikati. Asiwepo mtu omo, na wasirundikane tezi pia. Kila mtu awe amevaa jaketi.

Kisha usifanye kitu. Tazama kwa dakika 10. Watu husema wimbi la saba ndilo kubwa. Usiwekeze maisha ya mtoto katika saba. Lililo kweli ni kwamba mawimbi makubwa huja kwa makundi, matatu au manne yakifuatana, kisha panakuwa na nafasi. Jifunze nafasi ya siku hiyo ni ndefu kiasi gani. Kundi likipita, geuka ushike mgongo wa wimbi la mwisho na uende nalo. Mmoja wa mashemeji zako akae akitazama nyuma, kazi yake ni kusema tu "lakaribia" au "liko mbali." Wewe tazama mbele, tezi yako ikiwa imelielekea wimbi la nyuma sawasawa, si kwa pembe. Likikaribia, ongeza mafuta kidogo. Ukikikaribia kilele cha lililo mbele, punguza kidogo, kidogo sana. Boti ikianza kutaka kugeuka ubavu, irudishe mapema na uongeze mafuta kwa wakati huo huo, kwa sababu propela isiyosukuma haigeuzi kitu. Ukishaanza kuingia, usibadili nia katikati ya povu ukataka kugeuza.

Na kama katika zile dakika 10 hukuona nafasi? Hapo jibu ni kungoja nje. Mchana ule wa Juni, kungoja hadi saa tisa kungewapa maji yanayoingia na kina kinachorudi, ijapokuwa upepo wa alasiri ungekuwa umeongezeka. Ndiyo maana boti ya kutoka nje hubeba lita 2 za maji ya kunywa kwa kila mtu hata kwa safari ya asubuhi moja, na kofia. Njia nyingine ya kuingilia ni kuzunguka Manda na kuingia kwa upande wa Pate, kwenye ghuba ya Manda, ambako ni kupana na kina ni kirefu. Lakini huo ni mwendo mrefu wenye kuhitaji mafuta na mtu anayeijua miamba, tena kurudi mjini kwa Mkanda, njia ya maji kati ya Manda na bara, nako kuna saa zake za maji. Usiifikirie kwa mara ya kwanza siku ambayo mambo yameharibika.

Lakini hayo yote ni kujitoa matatani. Ufundi wenyewe ni kupanga safari kuanzia mwisho: kwanza amua saa ya kupita mlangoni ukirudi, ndipo upate saa ya kutoka. Kwa watu wa Lamu hesabu ni nyepesi kwa sababu tarehe ya mwezi wa Kiislamu tayari tunaijua. Bamvua huwa kwenye tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi huo. Maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo, huwa kwenye tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25. Siku za maji mafu maji hupwa kwenye saa kumi alfajiri na kujaa kwenye saa nne na kitu asubuhi. Kwa mwanafunzi wa mlango, hiyo ndiyo Jumamosi yako: unatoka saa kumi na mbili maji yakiingia taratibu, unavua kwa muda wa saa tatu hivi, na saa nne u nusu uko mlangoni, maji yamejaa, mkondo umelala, na upepo haujapata nguvu zake za mchana. Safari fupi, samaki wachache, mlango mpole.

Ila usichukue nusu ya habari hii. Kuna wanaosema siku ya maji mafu bahari ni salama kutwa. Siku hiyo hiyo maji hutoka kuanzia saa tano hadi alasiri, wakati ule ule upepo wa kusi unapovuma zaidi. Mkondo ni dhaifu kuliko wa bamvua, kweli, lakini uko, na upepo ni mkali. Anayebaki nje kwa sababu jodari wameanza kula saa sita, hurudi na kuukuta mlango ule ule ulioukuta wewe.

Siku za bamvua ni kinyume: alfajiri maji yanatoka kwa nguvu, na kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi yanaingia na kina ni kizuri. Katika kaskazi, watu wa nguru na sulisuli hutumia hilo vizuri: wanatoka polepole omo ikiyakabili mawimbi, wanarudi alasiri na maji. Kutoka dhidi ya wimbi ni rahisi kuliko kurudi nalo, kwa sababu unaliona linavyokuja na omo imejengwa kwa kazi hiyo. Siku za katikati, kama yenu, ndizo zenye mtego, na hapo kichwa peke yake hakitoshi. Pata jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari ya Kenya la mwaka huo na utabiri wa bahari wa Idara ya Hali ya Hewa, kisha toa nafasi ya nusu saa kila upande.

Mafuta. Mashine ya farasi 40 ya mchanganyiko hula lita 15 hadi 18 kwa saa ukiikanyaga hadi mwisho, basi tangi la lita 25 si la asubuhi nzima. Theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi isiyoguswa. Mashine nyingi za aina hiyo hutaka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25, lakini kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuatwa. Kule kukohoa kwa mashine kuchunguze kabla hujaweka mguu botini tena. Huenda maji ya chumvi yaliifikia plagi au yaliingia kwenye tangi kupitia kifuniko cha hewa. Mimina petroli ya chini ya tangi katika chupa nyeupe ya kuonekana ndani uiache dakika 10: maji yatakaa chini na utaona mstari. Chujio ulibadilishe hata kama linaonekana safi.

Kuhusu jaketi sitasema mengi. Jaketi iliyofungwa omo ni mzigo. Hakuna mtu anayeivaa akiwa tayari majini na mawimbi yanampiga; jaribu siku moja hapo Shela penye maji ya kifua, utaona. Anayeogopa joto avue akishafika nje na bahari ni tuli. Mlangoni, kwenda na kurudi, kila mtu avae. Ya mtoto inunuliwe kwa kilo zake, si kwa miaka yake. Iwe na mkanda wa kupita kati ya mapaja, na mnyanyue kwa mabega ya jaketi: ikipanda hadi masikioni, haifai. Maji yetu ni ya uvuguvugu, kwa hiyo adui wa kwanza si baridi bali uchovu. Boti ikipinduka, kaeni nayo. Boti ya faiba yenye boya ndani ya kuta zake haizami, nayo huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Anayeiona nchi "pale tu" na kuanza kuogelea dhidi ya maji yanayotoka hafiki.

Hilo linanifikisha kwa mwanao. Mtoto wa miaka 11 apelekwe baharini, tena ni umri mzuri wa kujifunza, lakini kwa msimu wa kusi asipite mlango na wewe. Si kwamba hawezi. Wewe ukiwa na wimbi nyuma na mtoto mbele, macho yako yatakuwa kwa mtoto. Mpeleke ndani, kando ya mikoko kuelekea Takwa au upande wa Kipungani. Changu, tewa na kolekole wadogo wako huko mwaka mzima, na mshipi wa mkono wenye chubwi dogo la kuuzamisha na kipande cha ngisi unamfundisha zaidi kuliko saa nne za kuburuta mshipi nje. Mfundishe kutia nanga kwa omo daima. Nanga ikifungwa tezi, mkondo huivuta tezi chini na maji huingia bila wimbi lolote, na huko ndani maji yakitoka mkondo una nguvu za kutosha kufanya hivyo. Kamba iwe mara 5 ya kina, na mita 3 au 4 za mnyororo mbele yake ili nanga ilale. Ikinasa, nenda juu yake uivute wima. Usiivute kwa mashine kwa ubavu. Na muwe mbali na njia ya meli za bandari mpya ya Lamu: meli haina breki, nawe nahodha wake hakuoni.

Sasa mambo yasiyoweza kufundishwa kwa maandishi. Kabla ya kurudi nje, tafuta nahodha wa Shela au wa mjini anayepita mlango kila siku, umlipe siku yake, apite nawe mara tatu: mara moja yeye akishika mashine na wewe ukitazama, mara mbili wewe ukishika na yeye akiwa amekaa nyuma yako. Kamati ya ufuo, ile BMU ya wavuvi, itakwambia nani ana mkono mzuri, na utakapokuwa pale uliza pia kuhusu leseni ya uvuvi wako. Boti nayo ikaguliwe na kusajiliwa kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Wengi huona hilo ni karatasi tu, lakini mkaguzi huuliza maswali ambayo muuzaji hakuyataka.

Kuna dalili ambazo zikiwapo usitoke hata ndani kabla fundi hajaona. Simama nyuma ya boti ikiwa nchi kavu, shika mashine kwa juu uisukume na kuivuta. Ubao wa tezi ukicheza, au ukiona ufa mwembamba kama unywele kwenye pembe zake, au maji ya kahawia yakichuruzika kwenye tundu za bolti siku mbili baada ya boti kutoka majini, mbao za ndani zimeoza. Kanyaga sakafu yote kwa kisigino. Pakibonyea ni habari hiyo hiyo. Na tazama kile kizibo kidogo cha tundu la kutolea maji pale chini. Nunua cha pili, ukifunge kwa uzi karibu na tundu lenyewe.

Mwisho ni watu wa nchi kavu. Redio ya mkononi ya VHF ya wati 5, ikiwa mkononi mwa mtu aliyekaa botini, huifikia boti nyingine ndogo iliyo kilomita 8 au 10 tu, lakini chaneli 16 husikilizwa na vyombo vikubwa na walinzi wa pwani, nao wana antena ndefu. Ukiita, sema Mayday mara tatu, jina la boti, mahali mlipo, kilichotokea, mko wangapi. Kisha achia kitufe usikilize. Simu iwe katika mfuko usioingia maji, mahali mnapokwenda pakiwa pameshahifadhiwa ndani yake kabla ya kutoka. Na mwachie mtu mmoja nyumbani karatasi: rangi ya boti, majina ya waliomo, mnakokwenda, saa mtakayopita mlangoni, na nambari ya kamati ya ufuo na ya walinzi wa pwani. Mwambie asingoje hadi magharibi. Saa mliyoandika ikipita kwa saa moja na simu haishikwi, apige.